Malisho ya Halvergate na Shamba la Marehemu Baba



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetukabidhi ardhi tuitunze, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu na hasa akina mama ambao ndio wasomaji wakubwa wa kurasa hizi, leo nataka kuwasimulia safari. Nilikwenda mbali kutazama malisho ya ng'ombe, nikarudi na deni nililokuwa nalo nyumbani kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuliita deni.

Mwezi wa Mei mwaka 2025 nilijaaliwa kufika Uingereza kwa harusi ya jamaa zetu walioko Leicester. Harusi ilipokwisha zilinibakia siku sita kabla ya kurejea, nikapanda gari la moshi kwenda Norwich, mji ulio mashariki ya nchi ile, kumjulia hali mpwa wangu anayesoma elimu ya mazingira katika chuo kikuu cha huko. Huyu ni binti wa dada yangu mkubwa. Mama yake alikuwa amenipa kifurushi cha achari ya embe, ubuyu na visheti, na wasia mmoja: "Kakangu, umwone kwa macho yako. Habari za simu nimezichoka." Maembe ya ile achari yalitoka katika shamba la marehemu baba yetu, upande wa Kwale. Lishikeni jambo hilo, nitalirudia.

Mpwa wangu alinipokea kwa adabu zote alizofunzwa na mamake. Tulipokwisha kula akasema, "Mjomba, kesho ni Jumapili. Nitakupeleka mahali ambapo gari la moshi linasimama na barabara hakuna." Nikadhani ananifanyia mzaha.

Haukuwa mzaha. Asubuhi tulipanda gari linalotoka Norwich kwenda Great Yarmouth kupitia Reedham. Mpwa wangu alimwambia mkaguzi wa tiketi mapema kuwa tunashuka Berney Arms, kwa sababu pale gari halisimami ila kwa kuombwa. Tulishuka katika kijukwaa kifupi mfano wa baraza ya nyumba. Gari likaenda zake, tukabaki sisi wawili, upepo na majani. Hapakuwa na nyumba karibu wala njia ya gari, na mtu hufika pale kwa reli, kwa miguu au kwa mashua.

Nikauliza ni nani aliyejenga stesheni mahali pasipo na watu. Mpwa wangu akanieleza kwamba reli ile ilifunguliwa mwaka 1844, na ardhi iliyopita ilikuwa ya bwana mmoja aitwaye Thomas Trench Berney. Alipoiuza kwa kampuni ya reli aliweka sharti kuwa pale pawe na stesheni daima. Kampuni zimebadilika, wafalme wamekufa, na sharti lingali likiheshimiwa. Mimi niliyesomeshwa chuoni kwamba sharti la mweka wakfu huheshimiwa kama nassi, nilisimama pale nikaona haya kidogo. Ni wakfu mingapi ya wazee wetu hapa pwani, ya visima na viwanja vya misikiti, ambayo masharti yake yamesahauliwa kabla hata wajukuu hawajazaliwa?

Mahali penyewe panaitwa Malisho ya Halvergate. Ni uwanda wa nyasi uliolala chini sawasawa na maji, hauna mlima wala kichuguu, na kwa mbali huonekana vinu vya upepo vya zamani ambavyo kazi yake ilikuwa kuyainua maji kutoka mashambani na kuyamwaga mtoni. Mashamba hayana seng'enge wala boma. Kinachotenga shamba na shamba ni mtaro wa maji, na ng'ombe hawauvuki. Katika mitaro ile kuna samaki, vyura na kereng'ende, na juu ya nyasi wapo ndege wenye kishungi kichwani wanaolia kama mtoto anayelalamika. Wengine wana miguu mirefu myekundu, na umbo lao lilinikumbusha ndege wa pwani wanaotua Mida Creek kila mwaka wakitoka kaskazini ya mbali.

Adhuhuri ilitukuta njiani. Tulitawadha kwa maji ya chupa, tukatandika shuka juu ya nyasi, mimi mbele na mpwa wangu nyuma yangu. Kwetu Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini. Pale tulielekea kusini-mashariki. Baada ya swala tulifungua mahamri aliyoyapika usiku na chupa ya chai, na ng'ombe wakaja ukingoni mwa mtaro kututazama, wakiwa wametulia kama waliolipwa.

Na kwa hakika walikuwa wamelipwa, au tuseme bwana wao amelipwa ili wawepo pale. Hilo ndilo alilotaka mpwa wangu nilione.

Sote tunalijua neno ruzuku. Mkulima wa kwetu akienda kuchukua mbolea ya ruzuku, maana yake serikali imebeba sehemu ya bei ili yeye alime zaidi. Uingereza nayo, katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa ikitoa ruzuku kwa nia hiyohiyo. Mkulima wa Halvergate alisaidiwa fedha za kuchimba mifereji ya kina na kuweka pampu za kukausha ardhi. Halafu bei ya ngano ilikuwa imedhaminiwa na utaratibu wa kilimo wa nchi za Ulaya, kwa hiyo aliyekausha malisho yake akapanda ngano alikuwa na hakika ya faida kuliko aliyefuga ng'ombe. Watu wakafanya walivyoshawishiwa. Trekta ziliingia, na nyasi za karne nyingi zikapinduliwa.

Wapenzi wa mazingira wakapiga kelele. Sheria ya mwaka 1981 ilikuwa imesema kwamba mkulima akizuiwa kulima mahali penye thamani ya kimaumbile, alipwe fidia ya faida aliyoikosa. Tazameni jambo lilivyokuwa: mkono mmoja wa serikali unamlipa mtu aharibu, na mkono wa pili unalazimika kumlipa asiharibu, na kadiri ruzuku ya kuharibu inavyokuwa kubwa ndivyo fidia ya kutoharibu inavyopanda. Mwaka 1984 mzozo wa Halvergate ulivuma nchi nzima.

Mwaka 1985 lilijaribiwa jambo jepesi. Mkulima yeyote katika eneo lile aliyekubali kuendelea kulisha mifugo kwa utaratibu wa zamani, bila kupindua nyasi na bila kumwaga madawa, alilipwa pauni 50 kwa kila ekari kwa mwaka. Hakutakiwa kwanza atishie kulima ndipo alipwe. Aliyekuwa mwema tangu hapo alilipwa sawa na aliyekuwa akifikiria kuharibu. Wakulima wengi sana waliingia kwa hiari. Jaribio lile lilifanikiwa hadi likaingizwa katika Sheria ya Kilimo ya mwaka 1986, na kuanzia mwaka 1987 maeneo mengine ya nchi yakapata mpango wa namna hiyo. Baadaye malipo yaliwekwa kwa ngazi, na aliyekubali kuacha maji yapande zaidi katika mitaro yake, ndege wakapata tope la kudonoa, alipata zaidi.

Sisi tuliosoma fiqhi tunaijua ju'ala, yaani ahadi ya ujira kwa atakayetimiza kazi fulani. Sikuona katika mpango ule jambo la kuchukiza. Mtu anatunza kitu kinachowanufaisha wengi, na wengi wanachanga kupitia hazina yao kumtuliza asikiache. Dini yetu imetufunza kuwa anayepanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Thawabu hiyo haiondoki kwa kuwa mtu amepewa na gharama za kuchimba shimo, muradi nia yake iwe safi.

Mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ulitufikisha upande wa kijiji, kwa mzee mmoja mfugaji ambaye mwalimu wa mpwa wangu alimwombea radhi atupokee. Sitamtaja jina, maana hakunipa ruhusa. Ni mtu mfupi, mikono yake migumu kama magome ya mnazi, na mkewe ni bibi mchangamfu aliyetuuliza kwanza kabisa tunakula nini na hatuli nini, kisha akatuletea chai, mkate na jibini, akampa mpwa wangu kitambaa cha kuifunika meza upande wetu. Mgeni huyakumbuka mambo madogo kama hayo.

Mzee akasema, "Babangu alilipwa akauke. Mimi nalipwa nilowe. Ardhi ni ileile." Akacheka, kisha akaacha kucheka. Alitueleza kwamba baba yake aliona fahari kubwa siku pampu mpya ilipofungwa, akifikiri amewaachia wanawe mali, na kwamba hakuwa mtu mwovu, alifanya aliloambiwa na wataalamu kuwa ndiyo maendeleo. Mwanawe alikuja kuziba baadhi ya mifereji ileile kwa mkono wake, baba yake akiwa hai na akitazama dirishani. Walikaa miezi bila kuzungumza kama watu.

Nikamuuliza kama ana utulivu sasa. Akatikisa kichwa. Nchi yao ilipotoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, ilitunga sheria mpya ya kilimo mwaka huohuo. Malipo ya zamani yalihesabiwa kwa ukubwa wa shamba, kwa hiyo mwenye ardhi nyingi alipokea nyingi hata kama hakufanya jema lolote kwa mazingira. Yale yakaanza kupunguzwa tangu mwaka 2021, na badala yake ukaja mpango wa kuwalipa watu kwa kazi wanazozifanya: kutunza udongo, maji, nyasi na wadudu wachavushao maua. Kwa maneno ni uadilifu. Lakini mwezi wa Machi 2025, miezi miwili tu kabla ya ziara yangu, mlango wa maombi mapya ya mpango mkubwa kati ya hiyo ulifungwa ghafla kwa kuwa fungu la fedha lilikuwa limekwisha. Walioingia waliingia, waliokuwa bado wakijaza fomu walibaki nje. Majirani zake kadhaa walikuwa katika hao wa nje.

Nilipomsikiliza nilimkumbuka Sayyidna Umar (r.a.). Uislamu ulilijua jambo hili la kuhifadhi ardhi kwa maslaha ya wote tangu mwanzo, nalo huitwa hima. Mtume (s.a.w.) aliifanya Naqi', karibu na Madina, kuwa hima kwa farasi wa Waislamu, na akapiga marufuku wakubwa kujizungushia malisho kwa ajili yao wenyewe kama walivyokuwa wakifanya wakati wa ujahilia. Naye Sayyidna Umar alipomweka mtumwa wake aliyemwacha huru, aitwaye Hunayy, kusimamia hima, alimwagiza awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe mkali kwa mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan. Sababu yake ni kwamba matajiri wale mifugo yao ikifa wanayo mitende na mashamba ya kurejea, ama maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni mwa khalifa akilia. Ikumbukwe kwamba Ibn Awf na Ibn Affan ni masahaba watukufu waliobashiriwa pepo. Umar hakuwatuhumu kwa lolote. Alichotazama ni nani ataumia.

Hicho ndicho kipimo cha ruzuku ya aina yoyote, ya mbolea au ya ndege. Usiulize tu imetolewa kiasi gani. Uliza ni nani aliyesimama mlangoni, na ni nani aliyeachwa nje.

Basi nikauliza swali ambalo nililiona la kielimu tu: "Ardhi hii ni yako yote?" Akasema nusu ni yake na nusu ameikodi, na kwamba katika ile ya kukodi ni lazima makubaliano yawe yameandikwa vizuri kati yake na mwenye ardhi, la sivyo mmoja hufanya kazi na mwingine hupokea. Mkewe akainuka, akaleta jalada la karatasi akaliweka mezani. Yeye ndiye anayetunza hesabu. Akatuonyesha makubaliano ya shamba lao, na juu ya ukurasa majina mawili, la mume na la mke. Akasema, bila kiburi, "Kipindi cha kwanza liliandikwa jina lake peke yake. Nami ndiye niliyekuwa nikiamka usiku ng'ombe wakizaa. Nikamwambia, safari hii hakuna saini mpaka nami niwemo."

Mzee akasema, "Na alikuwa na haki."

Mpwa wangu aliinamisha macho akatazama kikombe chake. Niliona, nikajifanya sikuona.

Bwana yule alitupeleka kwa gari lake hadi stesheni ya Acle. Huko majira yale magharibi huingia karibu na saa tatu usiku, kwa hiyo jua lilikuwa bado juu. Tulikaa kwenye benchi tukingoja gari. Mpwa wangu alisema kwa sauti ya chini, bila kunitazama usoni, "Mjomba, uniwie radhi. Nataka kuuliza jambo."

"Uliza, mwanangu."

"Na mama yeye ameandikwa wapi?"

Ndugu zangu, hapa inanibidi niwaeleze mambo yangu.

Marehemu baba alifariki mwaka 1994 na kutuachia shamba la ekari 12, lenye minazi, mikorosho, miembe ya zamani na mivule michache upande wa bondeni. Mama alikuwa ametangulia. Tulibaki watoto wanne: wanaume wawili na wanawake wawili. Mnaijua hesabu yake, kila mwanamume mafungu mawili na kila mwanamke fungu moja. Mafungu sita, ekari mbili kwa fungu. Kwa hiyo ekari 4 zangu, 4 za ndugu yangu mdogo aliyeko Mombasa, 2 za dada yangu mkubwa, na 2 za mdogo wetu aliyeolewa Lamu. Hesabu hii nimewafunza wanafunzi wangu mara nyingi kwa kuiandika ubaoni. Lakini katika hatimiliki tuliliandika jina langu peke yangu. Tuliambizana kwa mdomo kuwa ni amana, kwamba ni wepesi wa shughuli, kwamba sisi ni damu moja na hapana haja ya wapimaji.

Dada yangu alipofiwa na mumewe mwaka 1999 alirudi akakaa shambani. Tangu wakati ule ndiye anayeangusha nazi kwa wakati, anayesuka makuti, anayepambana na wakata mkaa. Ndugu yetu wa Mombasa alipoleta wanunuzi wa mbao kwa ile mivule, dada alikwenda akakaa chini ya mti na mswala wake na chano cha mchele akiuchagua, mpaka watu wa msumeno wakaondoka. Mivule ile ingaliko kwa sababu ya mwanamke mmoja mwenye mchele.

Mwaka uliopita walikuja watu wawili na ramani, wakasema kuna mpango wa kuwalipa wenye mashamba wanaohifadhi miti. Sisemi ni wa wapi, na mpaka leo hawajalipa mtu wala kuvunja ahadi. Dada yangu aliwatembeza mti kwa mti kuanzia asubuhi, akiwapa umri wa kila mmoja. Jioni wakauliza jina lililo katika hati, wakaandika langu. Alipotuandalia chai alinijia karibu akaniuliza kwa sauti ya kunisitiri: "Kakangu, mimi nimeandikwa wapi?" Nikamjibu, "Dada, karatasi ni karatasi tu. Haki yako naijua."

Hayo ndiyo maneno yangu, mimi ninayepanda mimbari. Na pale Acle, mtoto wake alirudia swali la mama yake bila kujua kwamba limekwisha kuulizwa. Au pengine alijua.

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilisema, "Hajaandikwa popote, mwanangu, na kosa ni langu." Akasema, "Allah atakusahilishia, Mjomba," tukapanda gari tukarudi Norwich.

Usiku ule nilifikiri sana juu ya lile neno langu, "karatasi ni karatasi tu". Zamani huenda lilikuwa na udhuru. Shamba lilipokuwa linatoa nazi, anayekaa shambani ndiye anayekula nazi, na jina katika hati halikumzuia mtu. Lakini fedha za uhifadhi hazianguki kutoka mtini. Hufuata jina. Gazi wameonyesha njia moja: tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko, na mapato ya hewa ya kaboni huingia katika shughuli za kijiji kama maji na shule, kwa sababu waliingia kama jamii yenye kamati. Sheria yetu ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 nayo inataka miradi ya namna hiyo, ikiwa ni ya ardhini katika ardhi ya umma au ya jamii, iwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Hilo ni jema. Lakini shamba lenye hati ya mtu mmoja, anayeitwa kutia saini ni mtu yule mmoja. Na nikifa mimi kesho, wanangu watairithi hati ile wakiamini kwa nia safi kuwa ni mali ya baba yao. Shangazi yao atakuwa mgeni chini ya mivule aliyoiokoa.

Niliporejea nyumbani nilikwenda shambani kabla ya kulala kwangu. Nilimwambia dada yangu niliyoyaona, ng'ombe, mitaro na yule bibi mwenye jalada. Alisikiliza akimenya maembe. Nilipomwomba msamaha alisema, "Nimekusamehe zamani, kakangu. Msamaha haupimi shamba." Basi Jumatatu yake nilikwenda kwa mpimaji ardhi, na wiki iliyofuata tukafungua faili la mirathi katika mahakama ya Kadhi. Katiba yetu imeipa mahakama ile mamlaka ya mirathi ya Waislamu, na mlango wake uko wazi kwa wanawake kama kwa wanaume. Wale watu wenye ramani nimewaambia wangoje.

Ndugu yangu wa Mombasa hakufurahi. Ameniambia nimefungua mlango wa fitina, na kwamba tukigawana kila mtu atafanya apendavyo katika fungu lake, hata mivule ikianguka. Ana hoja. Kwa mujibu wa ramani ya mpimaji, mivule mitatu kati ya mitano inaangukia upande wake. Haki yake ni haki yake, nami siwezi kumdhulumu yeye ili niupendeze mti. Tumempa dada yetu wa Lamu kazi ya kutusuluhisha, na rai iliyo mezani ni kubadilishana vipande ili bonde lote liwe katika fungu la dada mkubwa, naye ndugu yetu apate sehemu ya barabarani. Hadi ninapoandika haya hajajibu. Tuombeeni dua.

Wasomaji wangu, sikuwaleteeni safari hii ili tuwasifu Waingereza. Mmeona wenyewe kwamba serikali yao iliwalipa watu waharibu, ikawalipa watengeneze, kisha ikafunga mlango watu wakiwa kizingitini. Nchi zote fedha za serikali huja na kuondoka kama maji ya bamvua. Asiyezitarajia hazimvunji moyo zikipungua. Lakini zitakapokuja kwetu, na dalili zake zimekwisha kuonekana, zisitukute na mirathi isiyogawanywa na majina yasiyoandikwa.

Kwa hiyo nawausia akina mama: ulizeni. Kumuuliza kaka au mtoto wa ami fungu lako liko wapi si utovu wa adabu wala si kukata udugu. Aliyekuandikia fungu hilo ni Mwenyezi Mungu, na kaka yako ni mpeleka barua tu. Nawausia akina baba na wenzangu wenye vilemba: tusingoje mtoto wa dada atuulize stesheni. Ikiwa jina lako liko peke yake katika hati ya shamba la mzee, keti na ndugu zako kabla ya mwezi huu kwisha, mwite mpimaji, nendeni kwa Kadhi. Gharama yake ni ndogo kuliko kusimama mbele ya Mola na ekari mbili za dada yako shingoni.

Na kila mwenye mti, autunze. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza aupande.

Ya Allah, turuzuku ardhi yenye baraka, mikono inayoitunza, na ujasiri wa kumwandika kila mwenye haki kwa jina lake. Amin.

Wabillahi tawfiq.